Friza ya sola kwa ajili ya pweza, Kilwa: paneli moja ya wati 200 itatosha?

BintiMwamba

Wakuu habari za leo. Niko kijiji cha pwani wilaya ya Kilwa, kusini ya Masoko. Umeme haujafika kwetu, nguzo zimeishia kijiji cha jirani. Kazi yangu ni pweza. Nanunua kwa kina mama na vijana wanaoshuka mwambani, nakusanya, halafu mnunuzi anakuja na gari kutoka Masoko.

Shida yangu ni barafu. Naagiza Masoko, inaletwa na bodaboda kwenye magunia, ikinifikia nusu yake imeshakuwa maji. Mnunuzi akichelewa siku moja tu pweza anaanza kubadilika rangi, na hapo bei anapanga yeye, mimi naitikia tu.

Kuna muuzaji wa sola kanipigia hesabu: paneli moja ya wati 200, betri moja ya jeli ya volti 12 ampea 100, inveta ya wati 1000 na friza ya lita 200. Anasema friza itagandisha usiku na mchana, na chenji inabaki ya kufungua sehemu ya kuchaji simu. Nina milioni tatu na nusu, ni mkopo wa kikundi, kwa hiyo sina nafasi ya kujaribu jaribu.

Maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, napata kama kilo 30 kwa siku, siku nne au tano mfululizo. Maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, hamna kitu, tunakaa tu. Nyumba yangu ni ya makuti, nyuma ina minazi. Nataka pia taa mbili na simu za watu. Aliyewahi kufanya kitu kama hiki anishauri. Naomba kuwasilisha.

MzeeWaFursa

Dada chukua jenereta ndogo, laki chache, unawasha unapotaka. Sola ni ya taa na redio, friza muachie TANESCO.

KijanaMtulivu

Mzee, jenereta ndogo ya petroli inakunywa karibu nusu lita kwa saa, iwe inasukuma friza au taa moja. Akiiwasha saa kumi kwa siku ni lita tano, na petroli yenyewe kijijini inauzwa kwenye chupa kwa bei ya mwenye chupa. Hapo atakuwa anawafanyia kazi wauza mafuta.

FundiJua_Lindi

Dada BintiMwamba, hiyo hela ya kikundi usiitoe kwanza. Mimi nafunga sola Lindi na Kilwa, na friza ndizo zinazonigombanisha na wateja kuliko kitu kingine chochote. Muuzaji akishauza anaondoka, anayepigiwa simu usiku kwamba inveta inalia ni mimi.

Tuhesabu kwa uniti, hizi hizi za LUKU, moja ni wati-saa 1000. Paneli ya wati 200 haitoi wati 200 kutwa nzima. Ukanda wetu mimi nahesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku. Toa joto (paneli ikichemka mpaka nyuzi 60 inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake), toa vumbi, toa kinacholiwa na kontrola (kifaa kinachoongoza chaji ya betri), nyaya na inveta, unabaki na robo tatu. 200 mara 4.5 mara 0.75 ni wati-saa 675. Uniti moja haikutimia. Friza yenyewe, kwa joto la kwetu, ikiwa imefungwa tu na haigandishi kitu kipya, inaweza kula nusu uniti mpaka uniti nzima kwa siku kufuatana na unene wa kuta zake. Yaani jua lako lote linaishia kupigana na joto la chumba, na pweza bado hajaingia.

Sasa aingie. Kilo moja ya maji ya nyuzi 28 kuifanya barafu ngumu ni kuondoa joto la kilojuli 470 hivi. Kwa kompresa ndogo za friza zetu, ikiwa chumba kina joto, uniti moja inakupa takriban kilo kumi za barafu. Pweza sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, kwa hiyo hesabu yake haiendi mbali na hapo. Kilo 30 kila siku ni uniti tatu hivi, juu ya ile inayoliwa na kuta. Umeona tofauti? Umeuziwa chini ya moja, unahitaji karibu nne.

Tena hata ungekuwa na umeme wa bure, friza ya nyumbani haitaweza. Soma kibandiko cha nyuma, kuna mstari unasema inagandisha kilo ngapi kwa saa 24. Nyingi utakuta kumi na kitu, nyingine hazifiki hata kumi. Zimetengenezwa kutunza kilichokwisha ganda. Ukimimina kilo 30 za pweza wa vuguvugu, wa pembeni anakuwa jiwe, wa katikati analala na joto lake mpaka asubuhi. Mnunuzi mzoefu anaingiza mkono katikati moja kwa moja, wala hakuulizi.

Ila kwenye maelezo yako kuna sentensi moja ambayo muuzaji hakuisikiliza: bamvua siku nne tano, maji mafu hamna kitu. Mteja wa duka la soda hana bahati hiyo. Yeye anahitaji baridi ileile kila siku, wewe una zaidi ya wiki nzima ya jua ambalo halina kazi. Kwa hiyo pweza usimgandishe kabisa. Friza yako iwe kiwanda cha barafu. Maji mafu inagandisha na kulimbikiza, maji ya bamvua unatoa. Umeme wa siku tisa kuuweka kwenye betri ni hela ya gari. Kuuweka kwenye chupa za maji zilizoganda hakugharimu kitu, chupa zinaokotwa.

Hesabu yake iko hivi. Chukua friza ya lita 300 ya kufunguka juu, siyo ya mlango wa mbele, hiyo kila ukifungua baridi inamwagika miguuni. Tuseme kompresa inakula wati 150. Iendeshe saa 12 tu kwa siku, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kwa swichi ya saa. Hizo ni uniti 1.8. Karibu 0.8 zinaondoka na kuta, moja inabaki ya kugandishia, unapata kilo kumi za barafu kwa siku. Maji mafu yakiisha una kilo 80 mpaka 100 ndani, na siku za bamvua friza bado inaongeza kumi kumi. Jumla unakaribia kilo 150. Pweza wako ni 30 mara tano, ni 150. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ndicho kipimo cha nchi za joto, na kwenye kasha zuri unaweza kushuka chini yake. Mnunuzi akipita katikati ya bamvua, unabaki na akiba.

Usiku ikizimwa usiogope. Kilo 90 za barafu ya nyuzi hasi 15 zikiachwa mpaka asubuhi kwenye friza nzuri zinapanda mpaka hasi saba au nane hivi, bado ni mawe. Friza ikiwa tupu ndiyo inayoyeyusha.

Vifaa sasa. Saa hizo 12 pamoja na upotevu, taa na simu ni kama uniti mbili na nusu zitoke kwenye jua. Weka paneli za jumla ya wati 700, mbili za 350. Betri haina haja ya kubeba usiku kucha, kazi yake ni kushika saa tatu za jioni, taa, na ule mshtuko wa kompresa inapoanza. Lithiamu ya volti 24, ampea 50, inatosha. Ile ya jeli ya 12V ampea 100 ina uniti 1.2 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, basi kwako ni 0.6. Lithiamu unaishusha mpaka robo au chini ya hapo, kesho inaamka.

Inveta iwe ya wimbi safi, volti 24, wati 1000 mpaka 1500. Usiiangalie kwa wati 150 za friza. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara tano au zaidi kwa kufumba na kufumbua, inveta dhaifu inalia na kuzima hapo hapo. Na inveta yenyewe ikiwa imewashwa bure inakula wati 10 mpaka 20, kwa siku nzima ni robo ya uniti na zaidi. Usiku izime. Taa na simu zipeleke upande wa betri moja kwa moja, na kifaa kidogo cha kushusha volti kutoka 24 kwenda 12. Kuwasha inveta ya wati 1000 ili uchaji simu ya tochi ni dhambi ndogo, lakini ni dhambi.

Bei sikuandikii, Kariakoo zinabadilika na mimi sitaki uje na simu kunionyesha nilichoandika. Milioni tatu na nusu itabana. Ukikosa hela punguza betri, paneli usiziguse. Betri ndogo inakufanya uzime friza mapema jioni, unakosa kilo mbili za barafu. Paneli pungufu zinakukosesha kila kitu.

Amani_Mwanza

Fundi umeeleza vizuri ila umeruka friza za DC, zinazokula umeme wa betri moja kwa moja. Huku ziwani tunatumia za volti 12/24, haina haja ya inveta kabisa, kompresa inaanza taratibu, wati 60 hivi. Kuta zake nene. Unaondoa kifaa kizima kinachoharibika.

FundiJua_Lindi

Kaka Amani sikatai, kwa chanjo za zahanati au duka ningemwambia achukue hiyo leo. Kwa kugandisha mimi nina mashaka mawili. Wati 60 zinavuta joto kidogo kwa saa, atalazimika kuiendesha usiku kucha ndipo apate kilo kumi, na hapo betri inakuwa kubwa tena. La pili, kale kadude ka elektroniki ka kuongoza kompresa kakiungua hapa Kilwa atakasubiri kutoka Dar, bamvua mbili zimepita. Friza ya kawaida ina fundi wake Masoko, Lindi, popote.

Amani_Mwanza

Kompresa ya DC inatumia kila uniti vizuri zaidi kuliko hizo za kawaida, na upotevu wa inveta haupo. Kilo kumi zako zinaweza kutoka kwa uniti chache kuliko ulizoandika. Ila la vipuri nakubali.

BintiMwamba

Fundi nashukuru sana, nimesoma mara mbili na kalamu mkononi. Sikuwahi kufikiria kwamba maji mafu ndiyo siku ya kufanya kazi. Naomba kuuliza: paneli kwenye makuti zinakaa? Maji ya kisima chetu ni ya chumvi chumvi, barafu itakuwaje? Na pweza nimuweke wapi kama friza imejaa barafu?

FundiJua_Lindi

Makuti hapana. Upepo wa kusi ukiingia chini ya paneli unaondoka nayo na paa lako, halafu waya ukipasha moto juu ya makuti makavu sitaki hata kumalizia. Simamisha fremu yake uwanjani, bomba za chuma zilizopakwa zinki au mbao zilizotiwa dawa. Boriti za mkoko usinitajie, bila kibali cha misitu hiyo ni kesi.

Fremu iwe mbali na minazi. Watu wanadhani kivuli cha kuti moja kinakula sehemu ndogo tu ya umeme kwa kuwa ni chembamba. Paneli ni kama bomba la mpira la maji, ukilikanyaga mahali pamoja huko mbele panakauka. Kuti moja likipita kwenye safu ya seli linazima theluthi nzima ya paneli. Kaa hapo uwanjani saa tatu asubuhi na saa kumi jioni uone vivuli vinafika wapi, na kumbuka Desemba jua linapita upande wa kusini, vivuli vinageuka. Paneli zitazame kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 mpaka 15. Kwetu latitudo ni ndogo, mwinamo huo ni zaidi kwa ajili ya mvua kuziosha. Zikilala sawa kabisa, vumbi na chumvi vinaganda juu.

Fremu ikiwa mita 15 kutoka nyumbani, hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Unganisha paneli mbili mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate volti sabini na kitu zikitembea na ampea tisa. Waya wa milimita 4 za mraba unabeba vizuri. Kontrola ya MPPT, ile inayoshusha volti nyingi za paneli bila kupoteza nguvu, ikae ndani karibu na betri, ampea 30, na ivumilie volti 150. Ya volti 100 itakaa ukingoni, paneli mbili za aina hiyo zikiwa hazina mzigo zinakaribia volti 95. Ukimwacha mtu akufungie mfumo wa volti 12 na kuvuta waya wa 2.5 mita 15 kwenda na 15 kurudi, kwa ampea 15 unapoteza volti zaidi ya tatu njiani. Betri inatoa 12, inveta inaona tisa, inazima. Mteja anaambiwa betri mbovu, ananunua nyingine. Nimeikuta hiyo mara nyingi mno.

Betri na inveta viwe karibu karibu, mita moja, waya mnene, na fyuzi iwe kwenye mguu wa chanya pale pale inapotokea betri. Swichi za kukata umeme upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC. Ile ya kawaida ya ukutani ikikata umeme wa DC cheche haizimiki, inaendelea kuwaka ndani mpaka inayeyuka.

Maji ya kisima cha chumvi chumvi yanafaa, hata ya bahari yanafaa kwa chupa zilizofungwa, yanaganda karibu nyuzi hasi mbili. Chukua chupa za lita moja na nusu, usizijaze mpaka juu, barafu inatanuka. Chupa zina faida nyingine: pweza akilala kwenye maji baridi ya barafu iliyoyeyuka ananyonya maji, anapauka, mnunuzi anamkataa au anakata kilo. Kwenye chupa maji hayatoki. Panga safu ya chupa, safu ya pweza kwenye mfuko, safu ya chupa. Asubuhi chupa zilizoyeyuka zinarudi kwenye friza, moja moja, usizirudishe zote kwa pamoja ukapasha moto zilizolala.

Pweza anakaa kwenye kasha lake. Friza usiifungue kila kina mama wakifika na ndoo.

PwaniPemba

Niongeze kidogo kwa upande wa kasha. Huku Pemba mwamba ukifunguliwa baada ya kufungwa miezi watu wasivue, pweza wanatoka wengi siku moja mpaka watu wanakosa pa kuwaweka. Tunachotumia ni friza mbovu. Friza iliyokufa kompresa, mafundi wanaiuza kwa bei ya chuma chakavu, kuta zake na mfuniko bado nzima. Inashika barafu vizuri kuliko kasha la povu la kununua, na mtu anaweza kukaa juu yake wakati wa kupima. Iweke kivulini, juu ya mbao, isiguse sakafu.

Jingine, chumvi. Upepo wa bahari unakula viungio. Zile plagi za paneli zifunge mpaka zilie, zining'inie chini ya fremu zisilale mahali maji yanatuama. Vichwa vya betri pakaa grisi. Inveta ina feni, inavuta hewa ya chumvi ndani, kwa hiyo usiiweke ukuta unaotazama bahari. Ya jirani yangu ilikufa ikiwa bado na plastiki yake mpya.

MzeeWaFursa

Haya, nimenyamaza kuhusu jenereta. Ila simu za watu asiache, hela ya simu ni ya kila siku, pweza ni wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo tu.

FundiJua_Lindi

Mzee hapo umesema. Na haigombani na friza. Simu ya kawaida inajazwa kwa wati-saa tano, hizi za kisasa 15 mpaka 20. Simu 15 kwa siku haziifikii hata theluthi ya uniti. Azichaji mchana jua likiwa juu, betri ikishajaa kabla ya saa nane kuna umeme unaomwagika bure. Sharti langu moja, saa kumi na mbili jioni meza ya simu inafungwa. Watu wa mpira wakianza kuleta televisheni zao hapo atakuja kuniuliza barafu imekwenda wapi.

BintiMwamba

PwaniPemba ahsante, friza mbovu ninaijua ilipo, iko kwa fundi mmoja Masoko imekaa nje miaka. Nimempigia mwenye mkopo nimemwambia sinunui wiki hii. Yule muuzaji nilimuuliza hiyo hesabu ya saa nne na nusu za jua, akasema hayo ni mambo ya vitabuni, kisha akanipunguzia bei. Fundi, nikienda kuiangalia friza mbovu nitajuaje kama kuta bado nzuri? Isije ikawa nabeba kopo.

FundiJua_Lindi

Chukua karatasi ya daftari, iweke kwenye ukingo, funga mfuniko, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa. Zunguka pande zote nne, kwenye kona ndiko inakofia. Mpira unabadilishwa, lakini mfanye apunguze kwa ajili hiyo. Kisha gonga kuta na sakafu ya ndani kwa kiganja. Zikisikika kavu zote sawa, vizuri. Mahali panapobonyea au panapotoa sauti ya maji, povu la ndani limelowa, na povu lililolowa halizuii joto, hiyo iache hata akikupa bure. Kutu ya nje isikutishe. Na ukiikuta imetoboka kidogo chini usigombane naye, tundu la kutolea maji ulikuwa utalitoboa mwenyewe.